Kadi mpya yazima kompyuta nikianza kutoa video ya harusi

SWALI

Fundi, assalaam alaykum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kisauni. Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi, hasa kupamba. Unajua mwenyewe shughuli ile ni ya wanawake watupu, mpiga video wa kiume haingii, kwa hivyo namshukuru Mungu kazi hainipungukii.

Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, zile tawa zinazotoka maofisini Ulaya. Prosesa yake ni Core i5-4570 na ramu ni gigabaiti 16. Kwa programu yangu ya zamani ilinitosha. Nilikuwa naiacha ikirenda, yaani ikitoa video iliyokamilika, usiku kucha, alfajiri naamka naikuta imemaliza. Mwaka huu nikahamia DaVinci Resolve kwa sababu ya rangi zake, nguo za maharusi zinatoka vile zilivyo. Kompyuta ikawa inakwama kila hatua. Kila niliyemuuliza akaniambia programu hiyo inataka kadi ya grafiki.

Zamu yangu ya chama ilipofika nikatoa shilingi 19,000, nikanunua GTX 1660 Super iliyotumika katika duka moja mjini. Kijana wa dukani aliniuliza swali moja tu, kama kompyuta yangu ni tawa kubwa au ndogo. Nikamwambia kubwa. Akanipa na kiadapta bila malipo, akisema kompyuta za ofisini hazina waya wa pini nane unaotakiwa na kadi ile.

Aliyeifunga ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anasomea umeme chuoni. Siku ya kwanza feni zilizunguka lakini skrini ilikuwa nyeusi tii. Tulihangaika kutwa nzima. Jioni shemeji akagundua kwamba waya wa skrini bado tuliuchomeka kwenye tundu la zamani la ubao mama. Alipouhamishia kwenye kadi yenyewe, picha ikaja. Tukaweka draiva, ile programu inayoiendesha kadi, nikajaribu kuhariri, video ikawa yapita kama maji. Siku hiyo nilifurahi sana.

Furaha haikumaliza wiki. Nikihariri, hakuna tatizo. Nikianza kurenda, dakika mbili au tatu, kompyuta inazimika kama mtu aliyeng'oa plagi, halafu inajiwasha yenyewe. Taa ya chumbani haipepesi, feni ya dari haibadiliki mwendo. Juzi nikasikia harufu, kama plastiki iliyowekwa karibu na jiko. Nikaogopa, nikaizima.

Nilirudi dukani. Wakaniambia kadi ilijaribiwa mbele yangu, stima ya kwetu ndiyo mbaya, na risiti imeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Binamu yangu anasema kadi hizi zilitumika kuchimba sarafu za mtandaoni, kwa hivyo nimeuziwa kitu kilichokufa nusu. Shemeji yeye anasema adapta ya plagi moja haitoshi. Anataka kuleta yenye plagi mbili, achomeke zote kwenye ule mkanda wa nyaya za diski, halafu tujaribu tena. Amesoma kibandiko cha pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, kimeandikwa wati 290.

Mume wangu ni baharia, harudi mpaka mwezi ujao. Harusi mbili nimeshazipiga na zimelala kwenye diski, na moja nimeahidi kuikabidhi Jumamosi ya wiki ijayo. Wenyewe wamelipa nusu. Nirudi dukani nigombane? Nimwachie shemeji ajaribu alivyosema? Au niiuze kadi hii nirudi nilikotoka?

Mama wa Kupamba, Kisauni

JIBU

Waalaykumu salaam, dada yangu.

Kompyuta hiyo usiiwashe tena ikiwa ile adapta imo ndani. Kama imechomekwa ukutani sasa hivi, ing'oe plagi kwanza, ndipo urudi kusoma.

Nimeshtushwa na neno ulilolitaja kwa kupita tu: mkanda wa nyaya za diski. Katika tawa za namna yako, waya unaotoka kwenye pawasaplai kwenda kulisha diski mara nyingi ni mmoja, wenye vichwa viwili vitatu vinavyofuatana. Adapta imechomekwa kwenye kichwa kimoja, na kichwa cha jirani yake kimeshika diski yako. Harufu uliyoisikia yaelekea ilitoka kwenye waya huohuo unaolisha diski iliyobeba kupamba za watu. Kadi ikiungua, utaumia lakini utapata nyingine. Kupamba ya mtoto wa watu haipigwi mara ya pili.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeliona. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja wa Bondeni aliniletea tawa yake ikiwa na kichwa cha waya kilichoyeyuka na kugandana na tundu la diski. Alikuwa amefunga kadi kwa adapta kama yako. Kadi ilikuwa nzima, nikaijaribu mbele yake ikafanya kazi. Diski ilikuwa imekufa, na ndani yake mlikuwa na picha na sauti za mama yake marehemu. Sikuweza kuzitoa. Tangu siku hiyo, nikifungua kompyuta nikaiona adapta ile, kitu cha kwanza kutoka ni diski.

Basi na wewe uanze hapo. Fungua ubavu wa tawa, toa diski, itie kwenye kikasha cha nje cha USB, unakili kila kitu kwenye diski nyingine kwa kutumia laptop ya mtu unayemwamini. Ikiwa ni diski kubwa ya inchi 3.5, nunua kikasha chenye plagi yake ya ukutani, maana diski hiyo inahitaji volti 12 na tundu la kawaida la USB linatoa 5. Na popote utakapoipeleka kompyuta kutengenezwa, kwangu au kwa fundi mwingine yeyote, diski ibaki nyumbani. Wanawake waliovua buibui mbele ya kamera yako walikuamini wewe.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kwa dalili ulizonipa, siamini kwamba kadi yako imekufa. Naamini ina njaa.

Kadi ya GTX 1660 Super imepangiwa kula wati 125. Chakula hicho inakipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni sloti ya ubao mama ambamo kadi imekaa, na sloti hiyo kwa kanuni haitoi zaidi ya wati 75. Ya pili ni lile tundu la pini nane lililo kwenye kadi yenyewe, ambalo limewekwa kwa ajili ya waya unaoweza kubeba wati 150. Wewe mahali pa waya huo umeweka kichwa cha SATA, kichwa cha kulishia diski. Kichwa hicho kina pini tatu za volti 12, kila pini ikiruhusiwa ampea 1.5. Piga hesabu: ampea 4.5 mara volti 12 ni wati 54. Hapo ndipo mwisho wake.

Hata tukiifanyia kadi hisani tuseme inavuta wati zote 75 kutoka kwenye sloti, zimebaki 50 za kupita kwenye adapta, ukingoni kabisa mwa uwezo wake. Na kwa kawaida kadi hazifanyi hivyo, sehemu kubwa ya mzigo huivuta kwa waya. Tena zile 125 ni wastani. Kazi inapokolea, kadi huruka juu ya kiwango hicho kwa kufumba na kufumbua, tena mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana ukihariri haina neno, kwa kuwa unakata hapa, unasimama, unatazama, nayo inapumzika. Ukianza kurenda haipumziki tena. Pini nyembamba zinapata moto, plastiki inalainika, ndiyo harufu ile.

Upande wa pili wa hesabu ni pawasaplai. Prosesa yako ya i5-4570 imepangiwa wati 84. Jumlisha 125 za kadi, tuko 209. Bado ubao mama, ramu, diski na feni, ambazo pamoja zinaongeza makumi ya wati. Kwenye kibandiko cha 290 hiyo ni kufika karibu na ukuta. Na prosesa hiyo ni toleo la 2013, kwa hivyo pawasaplai iliyokuja nayo yaelekea imefanya kazi miaka mingi, na kapasita zake hazina tena nguvu za ujana. Pawasaplai ikizidiwa, kinga yake ya ndani inakata umeme wote kwa mara moja ili kisiungue kitu. Ule mzimiko wa kama plagi iliyong'olewa ndio huo.

Kwa nini nasema si kadi? Kwa sababu kadi mgonjwa ina tabia zake. Picha huchafuka, hutokea viraka vya rangi na mistari isiyohusika. Au skrini inakuwa nyeusi lakini sauti ya wimbo inaendelea kutoka kwenye spika. Au draiva inaanguka na kuinuka, Windows ikakwambia skrini ilipotea ikarudi. Katika hali zote hizo kompyuta bado iko hai, ni macho tu yamefumbwa. Yako inakufa mwili mzima.

Kuna mshukiwa mwingine wa haki, nisimfiche: prosesa ikipata joto kupita kiasi nayo huzima mashine ghafla. Lakini umeniambia ulikuwa ukirenda usiku kucha kwa programu ya zamani, kazi inayoibana prosesa hasa, na alfajiri ukaikuta imemaliza. Mstari huo mmoja wa barua yako umeniondolea shaka kwa sehemu kubwa. Pamoja na hayo, tawa ikiwa wazi, pangusa vumbi kwenye feni ya prosesa.

Kuhusu stima ya kwenu, kijana wa dukani hakusema jambo lisilowezekana. Sote tunajua taa zinavyopepesa hapa Mombasa watu wakiwasha viyoyozi msimu wa kaskazi. Lakini stima ingekuwa ndiyo sababu, isingengoja urende. Ingekuzimia hata ukiandika barua, na feni ya dari ingeshtuka pamoja na kompyuta. Usihangaike sana na kumbukumbu za Windows kwa swali hili. Ukifungua Event Viewer utakuta tukio la Kernel-Power namba 41, ambalo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Linaandikwa vilevile stima ikikatika na pawasaplai ikikata.

Kuhusu binamu na uchimbaji wa sarafu, ana hoja, ila ameifikisha mbali kuliko inavyokwenda. Ni kweli kwamba kadi nyingi zilichimba Ethereum, na mtandao huo ulipoacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, kadi hizo zilimwagika kwenye soko la mitumba duniani kote. Kinachochoka kwanza katika kadi za namna hiyo ni feni zake na ile dawa ya kupitishia joto iliyo kati ya chipu na chuma, na vyote viwili vinabadilishika. Mimi ningeogopa zaidi kadi ya bandia: kadi kuukuu iliyobadilishwa maandishi ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Hilo linapimika bure. Programu ndogo ya GPU-Z tangu 2018 inaweza kuzitambua nyingi, na ikiitilia shaka kadi huandika neno FAKE mbele ya jina lake. Kwa 1660 Super halisi unatakiwa uone chipu ya TU116, viini 1408, na kumbukumbu ya gigabaiti 6 ya aina ya GDDR6.

Upimaji huo usiufanye kwenye kompyuta yako ilivyo sasa. Tafuta mtu mwenye kompyuta ya kuchezea gemu iliyo na pawasaplai ya maana na waya halisi wa pini nane, muombe nusu saa. Pachikeni kadi yako, mtazame GPU-Z, kisha muifanyishe kazi nzito kwa dakika kumi na tano huku mkiangalia joto. Ikivumilia bila kuzima wala kuchafua picha, na joto likatulia chini ya nyuzi 85, umepata jibu kwa mkono wako mwenyewe, na hakuna wa kukubishia dukani.

Shemeji sasa. Mpe haki yake. Waya wa skrini uliobaki kwenye ubao mama ni kosa ambalo hata mafundi wa siku nyingi hulifanya, na yeye alilipata siku hiyohiyo. Hata kuhisi kwamba adapta haitoshi, amehisi sawasawa. Alipokosea ni dawa. Adapta ya vichwa viwili ikichomekwa kwenye mkanda mmoja, mzigo wote bado unapita kwenye waya uleule unaotoka kwenye pawasaplai, na pawasaplai yenyewe bado ni ileile ya 290. Ni kama kuongeza mabomba mawili jikoni wakati tangi la juu ni dogo. Mkalishe umwonyeshe hesabu ya wati 54. Anasomea umeme, ataielewa kabla hujaimaliza, na utakuwa hukumvunjia heshima mbele ya mtu.

Tiba ninayoipendelea ni pawasaplai mpya. NVIDIA wenyewe wanapendekeza isipungue wati 450 kwa kadi hii. Mimi ningechukua 500 au 550, ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus. Alama hiyo inapima ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto. Haikuapii kwamba vifaa vya ndani ni bora, lakini pawasaplai isiyo nayo kabisa mimi siifungi kwa mteja. Ishike mkononi pia. Nyepesi kama kopo tupu, irudishe rafuni. Kisha usome kwenye kibandiko mstari wa volti 12, maana ndio unaolisha kadi na prosesa. Ziko zinazotangaza wati 500 kwa herufi kubwa, na ukizidisha ampea za mstari huo kwa 12 unapata nusu yake.

Lakini usinunue kabla ya kutazama mambo mawili ndani ya tawa yako, na hapa wengi wamepoteza pesa. Tazama plagi kubwa inayoingia kwenye ubao mama. Ikiwa na pini 24, safu mbili za kumi na mbili, pawasaplai ya kawaida itaingia. Kompyuta nyingi za ofisini zina plagi ya pekee ya pini 6 au 8, na hapo utahitaji kigeuzi kilichotengenezwa kwa modeli hiyo hasa. Andika modeli ya mashine, ipige picha plagi, nenda nayo dukani. La pili ni nafasi. Pawasaplai ya kawaida ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Chukua rula upime iliyopo, uangalie na matundu ya skrubu.

Siku ya kufunga, shemeji awe macho na nyaya mbili zinazofanana kama pacha. Waya wa prosesa una pini nane zinazogawanyika nne kwa nne. Waya wa kadi una pini nane zinazogawanyika sita na mbili, na mara nyingi umeandikwa PCIe au VGA. Volti 12 zimekaa pande tofauti katika nyaya hizo mbili. Maumbo ya pini yamewekwa tofauti ili zisiingiliane, kwa hivyo ukiona waya unakataa, usiusukume. Na ikiwa pawasaplai ni ya aina inayochomolewa nyaya, tumia zilizokuja katika boksi lake peke yake. Za pawasaplai nyingine, hata ya kampuni hiyohiyo, zinaweza kuwa na mpango tofauti wa pini na zikaunguza vyote.

Njia ya pili ni kubadilisha kadi na kuiacha pawasaplai. Ziko kadi za GTX 1650 zisizo na tundu la waya kabisa, zinaishi kwa wati 75 za sloti peke yake. Jumlisha na 84 za prosesa, hata pawasaplai yako ya 290 haitalalamika. Zina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kwa video za HD zinatosha, kwa za 4K utaanza kubanwa. Hakikisha unapewa ile isiyo na tundu, kwa sababu ziko 1650 zenye pini sita pia. Na ukishawishiwa RX 6400 kwa kuwa inakula wati 53 tu, kataa kwa upole. Kadi hiyo haina kifaa cha ndani cha kusimba video, yaani kuibana iwe faili wakati wa kurenda, na kwenye ubao wa umri wa wako itapoteza sehemu ya kasi yake kwa sababu inatumia njia nne tu za data kwenye sloti. Kwa mchezaji wa gemu nyepesi sawa, kwa kazi yako hapana.

Ukiniuliza ningekuwa wewe ningefanya lipi: kama kadi imefaulu mtihani wa nusu saa, ningebaki nayo na kununua pawasaplai. Kupamba ni saa nyingi za picha, na gigabaiti 6 utazihitaji.

Dukani urudi, ila usirudi na neno la kadi mbovu, kwa kuwa huenda si mbovu na watakushinda kwa hilo. Nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, pamoja na shemeji. Chukua kadi, adapta hata kama imeungua, na picha ya kibandiko cha wati 290. Waambie: mlijua kompyuta yangu ni ya ofisini, hamkuniuliza wati, mkanipa adapta ya wati 54 kwa kadi ya wati 125. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na alichonunua, na haki ya kulindwa usalama wake. Adapta inayonuka moto imegusa zote. Kisha taja unachotaka kwa jina: wakubadilishie kwa 1650 isiyo na tundu na wakurudishie tofauti ya bei, au wakupunguzie pawasaplai ikiwa wanaziuza. Mwenye duka akiona njia ya kutoka bila hasara kubwa, mara nyingi huichukua, hata kama risiti imeandikwa hairudishwi.

Kitu kimoja cha pwani yetu. Kadi ikiwa nje, yatazame yale meno yake ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti. Hewa ya chumvi huacha madoa meupe au ya kijani. Pangusa kwa kitambaa laini chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke, ndipo urudishe. Na tawa usiiache ubavu wazi na feni ya miguu ikiipulizia, kama wengi wafanyavyo joto likizidi. Kwa usiku mmoja wa kazi haina neno. Kwa mwaka mzima unaipulizia chumvi na vumbi.

Jumamosi yako bado iko palepale. Kadi ikiwa nje, prosesa yako ina grafiki zake za ndani. Toa kadi, toa adapta, rudisha waya wa skrini kwenye tundu la ubao mama, fungua programu yako ya zamani. Chanzo cha video kiwe ile nakala uliyoitengeneza kwenye diski ya pili, na kwenye mkanda wa zamani usichomeke kitu chochote katika kichwa kilichoshika adapta wala cha jirani yake. Ikiwa diski yenye Windows nayo inaning'inia kwenye mkanda huohuo na hakuna kichwa kingine kilicho salama, usiwashe. Azima laptop kwa siku hizo. Rangi hazitakuwa zile za Resolve. Mpigie mama wa bibi harusi leo umwambie Jumamosi atapata video iliyokamilika, na toleo lenye rangi nzuri zaidi utamletea baadaye bila malipo ya ziada, umtajie na tarehe.

Na pawasaplai mpya ikifika, kabla shemeji hajaichomeka ukutani, aitazame nyuma. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230. Iwe kwenye 230.